Debe la Chupa Kumi na Sita

Kila asubuhi, kabla hajamjibu mtu salamu, Mama Hulda alimwaga matope. Maji ya mto Tana hayanyweki mpaka yalale. Jioni aliyachota mekundu, akayatia katika mitungi mitatu nyuma ya zahanati, na kulipokucha aliinamisha mtungi mmoja mmoja, polepole kama mtu anayelaza mtoto, maji maangavu yakapita kwenye kitambaa cheupe na kuingia debeni. Yaliyobaki chini aliyabeba hadi pembeni mwa ua, akayamwaga pale pale alipoyamwaga jana na juzi. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Pale pembeni palikuwa pamefanya kichuguu.

Mimi niliyaona hayo kwa sababu ya mguu. Mwaka ule wa hamsini na sita nilikuwa na kidonda juu ya kifundo, kidonda kisichotaka kufunga, na kila siku ilibidi niende kikafungwe upya. Mwenye kidonda huitwa mwisho, wenye homa wakishamalizika. Kwa hiyo nilikaa benchini tangu jua dogo hadi jua kali, na mtu akikaa kimya miezi mitatu mahali pamoja, watu husahau kwamba ana masikio.

Zahanati yetu ilikuwa ya udongo na makuti, upande wa chini wa Garsen, mwendo wa kama saa mbili kwa miguu ukifuata ukingo wa mto. Ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha dresa, yule mtu wa sindano na vidonda ambaye kwetu ndiye daktari. Cha nyuma kilikuwa cha dawa, na ufunguo wake walikuwa nao watu wawili tu, dresa na Mama Hulda. Kazi yake kwa karatasi ilikuwa kufagia na kuchemsha maji. Kwa kweli alifanya kila kitu ambacho dresa hakutaka kufanya, na vilikuwa vingi.

Alizaliwa Kau, ambako mamake aliuza mchele kwa kibaba na pishi, na tangu mdogo kazi yake ilikuwa kukitazama kipimo pamoja na mnunuzi, kwa sauti, ili asitokee mtu kusema ameonewa. Akaolewa kijiji cha Wema. Mumewe alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akarudi mgonjwa, akafa, na mtoto hawakujaliwa. Dresa wa zamani, Dhadho, mtu wa huku huku mtoni, ndiye aliyemwita aje amchemshie maji. Mama Hulda kusoma hajui hata herufi moja. Lakini mpe chombo. Akijaza chupa hatazami, anasikiliza; maji yakikaribia shingo sauti yake hupanda, na yeye hukata hapo hapo bila kumwaga tone. Nilimwona akifanya hivyo huku anamgombeza mtu aliyesimama mlangoni, uso kule, mkono huku, na tone halikuanguka.

Dawa ya homa ilikuwa kwinini ya maji. Ililetwa kwa lori ikiwa nzito, katika magudulia ya kioo, galoni moja kila gudulia, na magudulia matatu yalitosha miezi mitatu. Karatasi iliyogongomewa ukutani ilisema painti moja ya dawa iongezwe maji mpaka itimie galoni moja. Galoni moja ina painti nane, kwa hiyo ni dawa sehemu moja na maji sehemu saba. Dhadho alifanya hivi: alikuwa na gilasi ya painti yenye alama za aunsi, alipima painti nne za dawa, akazimimina katika debe tupu la mafuta ya taa lililooshwa, Mama Hulda akajaza maji mpaka mdomoni. Basi. Debe ni galoni nne, dunia nzima inajua. Mgonjwa alipewa aunsi moja katika kikombe kidogo, akakunja uso, akaenda zake.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu Dhadho akahamishiwa Galole, tukaletewa Iha.

Iha alikuwa Mgiriama, kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, safi, kaptula imepigwa pasi mpaka inakata. Hakuwa mtu mbaya, hilo nataka nilitangulize. Watoto aliwachoma sindano kwa upole, na kidonda changu alikuwa wa kwanza kukikosha bila kuniambia nisilie. Ila alikuwa amesoma, na alikuwa hajasahau hata mstari mmoja. Magudulia mapya matatu yaliingia naye kwenye lori moja. Siku ya pili alimkuta Mama Hulda ameweka debe tayari.

"Hili la nini?"

"La kuchanganyia kwinini, Bwana Dresa. Painti nne, halafu maji mpaka juu."

"Nani kasema mpaka juu?"

"Dhadho."

"Mama, debe ni chombo cha mafuta ya taa. Halina muhuri. Leo limebonyea hapa, kesho limebonyea pale. Dawa hupimwa kwa kipimo." Akatazama rafuni. "Kwati iko wapi?"

Kwati ilikuwako zamani, jagi la bati la kupimia. Kutu ilikuwa imekula kitako chake chote. Mama Hulda alimwinulia, wakatazamana kupitia ndani yake. Iha akafikiri kidogo. Kisha akachukua chupa kubwa ya kahawia, zile za bia, ambazo huku watu hutilia mafuta na asali na kila kitu, akaisuuza, akaiinua juu ili na sisi wa benchini tufaidike.

"Mwalimu wetu alitufundishia kwa chupa hii hii. Hii ndiyo kwati. Painti mbili, kwati moja. Kwati nne, galoni moja. Haya, galoni nne ni kwati ngapi?"

Mzee mmoja alikohoa.

"Kumi na sita," Iha akajijibu.

Akalijaza debe maji kwa chupa ile, moja moja, akihesabu kwa sauti. Ya kumi na sita ilipoingia akachukua msumari, akachora mstari ndani ya bati pale maji yalipofika. "Hapa ndipo galoni nne za halali," akasema. "Painti nne za dawa, na maji mpaka kwenye mstari. Si tone juu yake."

Mama Hulda alichungulia. Theluthi nzima ya debe ilikuwa tupu. Ungeweza kutia ngumi nzima mle isilowe.

"Bwana Dresa, debe hili ni chupa ishirini na nne."

"Nani kakwambia?"

"Dukani. Godhana akifungua debe la mafuta anauza chupa ishirini na nne. Zikitoka ishirini na tatu anatafuta tundu."

"Godhana ni muuza duka."

"Ndiyo. Kwa hiyo analijua debe lake."

"Mama, kila mtoto wa darasa la nne anajua kwamba galoni nne ni kwati kumi na sita."

"Mimi sikufika darasa la nne. Mimi nimelijaza debe hili miaka kumi na mmoja."

Iha alitabasamu, tabasamu la mtu anayevumilia. Nilimwona Mama Hulda akilipokea lile tabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole. Angemkemea ingekuwa afadhali.

Na kinachochosha zaidi ni kwamba wote wawili walisema kweli. Kwati nne ni galoni. Chupa za bia sita ni galoni. Ila chupa ya bia si kwati, na hilo halikuwa limeandikwa ukutani.

Wiki haikupita masikio yakaanza kulia. Kwinini ikizidi ndivyo inavyofanya: nyenze huingia kichwani na hawatoki. Benchini watu walianza kuzungumza kwa kelele, kila mtu anadhani mwenzake ndiye mgumu wa kusikia, na "Ati?" ikawa salamu. Watoto walitapika dawa kabla hawajavuka ua. Batula, mama wa Kiorma aliyekuja na mtumbwi kutoka ng'ambo kila alfajiri, mtoto mgongoni, alirudisha mikono nyuma kikombe kilipomfikia.

"Dawa hii kali. Mimi nataka dawa ya Dhadho."

"Ni dawa ile ile, mama," Iha akasema.

"Ati?"

"Nasema ni ile ile."

"Ile ile hapana. Ile ya zamani mtoto nakunywa, nalala. Hii nakunywa, natapika, kichwa naimba usiku kucha."

Mama Hulda akamtazama Iha. Iha akaandika kitu kwenye daftari.

Mama Hulda alikwenda mpaka dukani kwa Godhana, akamwomba aje amwambie dresa habari ya debe. Nilikuwa nimetumwa chumvi, nikawakuta.

"Dada Hulda," Godhana akasema, "mimi nikamfundishe dresa hesabu? Kesho nikishikwa na homa anichome ile sindano ya hasira?"

"Sema neno moja tu. Chupa ishirini na nne."

"Nitakwambia wewe mara ishirini na nne ukitaka. Yeye hapana."

Asubuhi moja, Iha hajafika bado, Mama Hulda alifanya jambo ambalo nilidhani lingemaliza maneno. Alichukua gilasi ya painti, ile ile waliyopimia dawa, akaijaza maji mpaka alama ya juu, akaimimina katika chupa ya bia. Ikaingia yote. Akajaza ya pili. Haikufika hata nusu yake, chupa ikajaa mdomoni, na gilasini bado kuna maji mengi, theluthi mbili za painti. Akafuta chupa, akarudia. Mara tatu. Kisha akaacha vitu mezani kama vilivyo, akaketi kumngoja.

"Bwana Dresa, njoo uone. Umesema painti mbili ni kwati moja."

"Ndiyo."

"Ya kwanza imeingia. Ya pili hii hapa, imekataa."

Iha aliitazama gilasi, akaitazama chupa. Kwa muda mfupi nilidhani ameona.

"Ulijaza mpaka alama gani?"

"Ya juu."

"Chupa uliikausha?"

"Ilikauka."

"Basi jicho lako halikuwa sawa na alama. Aunsi hupimwa kwa jicho lililoinama. Hii si kazi ya kupima mchele wa Kau, mama."

Akaimwaga ile painti dirishani, akavaa koti lake jeupe, akaita mgonjwa wa kwanza.

Mama Hulda alirudisha gilasi rafuni. Alikwenda nyuma, akalisuuza debe lililokuwa safi. Akalisuuza tena. Tulimsikia kutoka benchini, bati linalia kama linapigwa.

Baada ya hapo hakubishana tena kwa maneno mengi. Alichanganya dawa alivyoambiwa, mpaka kwenye mstari, uso umefungwa. Mgonjwa akiulizia masikio yake alimwambia, "Muulize mwenye chupa." Nilimwona mara mbili akishika mtungi juu ya debe, ukiwa umeinama kabisa, maji yako mdomoni, anataka kujaza mpaka juu na mwenyewe anajua ndiyo haki, kisha anauinua tena. Aliniambia baadaye, akinifunga bendeji, kwamba hakutaka dawa itoke mikononi mwake kwa siri, hata ikiwa sawa. Akijaza kwa siri, alisema, siku ikijulikana ataitwa mharibifu wa dawa. Sikuelewa wakati ule kwa nini aliogopa jina hilo kuliko mengine.

Mwezi wa tano ulipoisha, gudulia la tatu lilikuwa tupu. Lilitakiwa lifike mwisho wa mwezi wa sita. Mto ulikuwa umeingia mashambani, mbu wamezaliwa upya, barabara ya Garsen imegeuka matope matupu, na lori lisingeweza kuja kabla ya mwezi mzima kupita. Wenye homa walikuja, wakapewa kitambaa chenye maji cha kuweka usoni, wakarudi.

Iha alikaa mezani na daftari tangu asubuhi. Hesabu yake ilikuwa safi, lazima nikubali. Aliisema kwa midomo, na mimi nilikuwa karibu. Tumechanganya mara sita. Kila mara galoni nne, hizo ni galoni ishirini na nne. Galoni moja ni aunsi mia na sitini, kwa hiyo aunsi elfu tatu mia nane na arobaini. Daftari la wagonjwa, kila kikombe aunsi moja, lina vikombe elfu mbili mia tano na sitini. Hazipo elfu moja mia mbili na themanini. Akagawanya. Galoni nane. Akagawanya tena. Madebe mawili.

Akamwita Mama Hulda. Sidhani alikusudia kumwaibisha. Mlango ulikuwa wazi tu, na benchi iko mlangoni.

"Mama, madebe mawili ya dawa yamekwenda wapi?"

"Madebe gani?"

"Mawili. Hesabu hii hapa. Na ufunguo tunao wawili tu."

"Mwanangu," na hapo ndipo jina la Bwana Dresa lilipoishia, "madebe mawili ya uchungu ule nimeyapeleka wapi? Nimeogea?"

Watu walicheka. Iha hakucheka.

"Sijasema umeiba. Nimeuliza yamekwenda wapi."

"Hayakwenda. Tazama mstari wako." Alilileta debe, akaliweka juu ya daftari lake, akatia kidole kwenye alama ya msumari. "Juu ya mstari huu pana theluthi tupu. Theluthi ya kila debe, mara sita. Jumlisha wewe uliyesoma."

Mimi niliishia darasa la pili, nikazijumlisha kwa vidole chini ya leso. Theluthi sita. Madebe mawili kamili, hakuna kilichozidi wala kilichopungua. Nilimtazama Iha nikingoja azione na yeye.

"Mama, usinirudishe kwenye debe," akasema. "Nimeshakwambia debe si kipimo."

Akaliondoa juu ya daftari kwa mikono miwili. Siku hiyo hiyo alimwomba ufunguo wake, na akaandika ripoti kwa Bwana Dabaso, msimamizi wa zahanati za mto: galoni nane za kwinini hazionekani, mwenye ufunguo wa pili ni mtumishi.

Kijiji hakikuhitaji zaidi ya hapo. Kufika jioni madebe mawili yalikuwa manne, na yalikuwa yameshapata njia: yamevuka mto, yamenyweshwa ndama wa Batula. Dukani kijana mmoja alimwuliza Mama Hulda mbele ya watu, "Mama, naona ng'ambo kule hakuna homa mwaka huu, hata kwa ng'ombe."

"Vuka ukawapime," akamjibu, akachukua sabuni yake akatoka. Sabuni ilianguka mlangoni na aliyemwokotea ni mtoto mdogo, wakubwa walikuwa wanatazama.

Batula aliposikia, aliacha kuvuka. Mtoto wake alikuwa na homa bado.

Hapo tena Mama Hulda hakujali habari ya galoni. Alinifunga mguu siku moja, akakaza bendeji mpaka nikashtuka, akailegeza.

"Mbeyu, mimi sitaki aniombe radhi," akasema. "Mtoto wa watu, amekosea, basi. Nataka asimame pale mlangoni, wale waliosikia wasikie: hakuna kilichopotea. Maneno mawili tu. Akiyasema nitamchemshia maji mpaka nife."

Lori lilifika siku za mwisho za mwezi wa sita, matope mpaka kwenye madirisha, na Bwana Dabaso ndani yake. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya usingizi. Magudulia mapya yakashushwa. Habari ilikuwa imemtangulia na benchi ilijaa, hata wasio na homa walikuwa na homa siku ile. Mama Hulda alisimama ukutani, mikono nyuma.

Dabaso alisoma ripoti, akasoma na daftari. Kisha akauliza jambo ambalo mtu yeyote angeuliza.

"Kwati yako iko wapi?"

Iha akamletea chupa.

Dabaso aliigeuza kwenye mwanga kama mtu aliyemkuta rafiki mahali asipomtarajia. "Hii? Hii ni sita kwa galoni, ndugu yangu. Hata walevi wanajua."

"Bwana, mwalimu wetu..."

"Lete gilasi ya painti."

Akajaza moja, akamimina. Akajaza ya pili, akamimina bila kusita, na maji yakapanda shingoni, yakafurika mezani, yakashuka hadi kwenye viatu vya Iha. Aliendelea kumimina mpaka gilasi ikaisha. Nadhani alitaka tu kumaliza alichoanza.

Iha alitazama viatu vyake.

"Kumbe ndogo," akasema, na akacheka kidogo, kama mtu aliyepotea njia akajikuta nyuma ya nyumba yake.

"Niliimimina hiyo mwezi wa nne," Mama Hulda akasema ukutani. "Mara tatu."

"Ulikuwa sawa, mama," Dabaso akasema bila kugeuza kichwa; alikuwa ameshaanza kuandika. "Debe lijazwe mpaka juu. Kwati mpya italetwa. Haya. Sasa kuna hii ripoti."

Iha akaegemea meza.

"Hii imeshapita kwangu, imeshakwenda juu," Dabaso akasema. "Galoni nane zimepungua. Siwezi kuandika leo kwamba hazikupungua, wataniuliza niliipokeaje. Tuandike zimemwagika. Ndiyo njia fupi."

"Zimemwagika kwa nani?" Iha akauliza.

"Kwa mtumishi. Mtumishi akimwaga hakuna anayeuliza. Hakatwi kitu." Akaandika mistari miwili, akamsogezea Mama Hulda karatasi na kibati cha wino. "Mama, kidole hapa."

"Nisomee kwanza."

Dabaso akamsomea. "Dawa galoni nane zimemwagika mikononi mwa mtumishi Hulda wakati wa kuchanganya. Ameonywa."

"Mimi sikumwaga hata tone."

"Tunajua, mama."

"Mnajua. Basi andika mnachojua."

"Ni maneno ya karatasi tu."

"Bwana Dabaso, dawa hiyo haikumwagika. Haikuwako. Alihesabu nafasi tupu ya debe akaiita dawa."

Dabaso akajikuna shingo. Nafikiri alimwelewa vizuri kabisa. "Hilo sina mahali pa kuliandika," akasema. "Karatasi ina vyumba vitatu. Imetumika, imeharibika, imemwagika. Chagua wewe."

Mama Hulda akaiacha karatasi pale ilipo, akamgeukia Iha.

"Mwanangu. Karatasi ni yao. Wewe nenda pale mlangoni, uwaambie hawa kwamba hakuna kilichopotea. Nikikusikia, natia kidole, waandike wanavyotaka."

Sote tulimtazama Iha. Hatua zilikuwa tatu, sizidishi. Alitazama mlango, akatutazama sisi, mmoja mmoja, akapita hata juu yangu. Shingo ilimwiva.

"Si wameona wenyewe, mama," akasema. "Maji yamemwagika mbele ya macho yao. Niseme nini tena? Watu wana homa, tufanye kazi. Lete debe, leo tulijaze mpaka juu kama unavyotaka."

"Kama ninavyotaka," Mama Hulda akasema.

Aliyasema polepole, kama anayapima. Dabaso alikuwa bado amekishikilia kibati cha wino, kimefunguliwa. Mama Hulda alijifuta vidole kwenye leso yake ingawa havikuwa vimegusa kitu, akapita katikati ya meza na mlango, na sisi wa benchini tukakunja miguu apate nafasi. Mimi nilikunja ule wenye bendeji. Hakumtazama mtu.

"Mama, na maji?" Iha akaita.

Tulidhani anakwenda nyuma kuchukua debe. Alilipita. Akalipita na lango, akashika njia ya ukingoni inayokwenda Wema, bila haraka, mtu anayejua mwendo wake ni wa saa ngapi. Iha alitoka hadi uani akaita tena, mara mbili, safari hii kwa jina. Dabaso alingoja mpaka dereva alipopiga honi, akafunga wino wake, akaondoka na karatasi isiyo na kidole. Baadaye Mama Hulda alitumiwa mtu wa kumwita, na wiki iliyofuata akatumiwa mwingine. Hakurudi.